Safari ya meli ya kitalii: tuandike siku au usiku?

Karani wa Shangani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tunatayarisha kipeperushi cha Kiswahili kwa wateja wa Unguja na Pemba wanaotaka safari za meli za kitalii, na tumekwama kwenye kichwa cha habari. Kampuni moja inaandika "siku 7", nyengine inaandika "usiku 7", na ukifungua ratiba unakuta kote abiria anapanda Jumamosi na kushuka Jumamosi inayofuata. Halafu kuna mawakala wanaoandika "siku 8, usiku 7" kwa safari hiyo hiyo.

Ninayotaka kujua ni haya. Ipi ndiyo hesabu ya haki kwa mteja? Bei igawanywe kwa ngapi anapotaka kulinganisha? Na tuwafanyie nini wateja ambao wakisoma "usiku wa Jumamosi" wanaelewa usiku unaotangulia Jumamosi, wakati tiketi inakusudia ule unaoifuata?

Mpanga Ratiba

Waalaykum salaam. Andika usiku. Kinachouzwa melini ni kitanda, na kitanda kinauzwa kwa usiku kama hotelini. Siku ya kwanza na ya mwisho zote ni vipande.

Chukua mfano wa Jumamosi 28 Novemba 2026 hadi Jumamosi 5 Desemba 2026. Abiria anaingia melini saa 7 mchana na anashuka saa 2 asubuhi. Hizo ni saa 163, yaani pungufu ya siku 7 kwa saa 5. Anayeandika "siku 8" amehesabu tarehe zilizoguswa. Siku nzima, za kuamka melini na kulala melini, ni 6 tu: Jumapili mpaka Ijumaa. Kwa hiyo safari moja unaweza kuiita ya siku 6, 7 au 8 na kila namba ukaitetea. Kwa usiku jibu ni moja: 7.

Kampuni zenyewe hazijakubaliana. Carnival na Princess wana mazoea ya kuandika siku, Royal Caribbean na MSC huandika usiku. "Siku 7" ya Carnival ukiifungua ni usiku 7. Msibadilishe jina la safari kwenye tiketi, lakini kwenye kipeperushi chenu wekeni zote kwenye kipimo kimoja.

Sasa bei. Tuseme ofa ya kwanza ni "siku 8" kwa dola 1,040, na ya pili ni "usiku 8" kwa dola 1,120. Mteja akigawa zote kwa 8 anapata dola 130 na dola 140, anachukua ya kwanza. Lakini ile ya kwanza ina usiku 7. Gawa 1,040 kwa 7 upate dola 148.57. Ya pili ndiyo rahisi, na ina kitanda cha usiku mmoja zaidi.

Bahashishi ya lazima ya wahudumu nayo inafuata usiku hata pale inapoitwa "ya kila siku". Ikiwa dola 16 kwa mtu, safari ya usiku 7 ni dola 112, si 128. Vifurushi vya vinywaji ni vivyo hivyo. Karani anayewaambia wateja wa "siku 8" wabebe 128 hajawadhulumu, ila hesabu yake haitalingana na risiti ya melini na ataulizwa.

Namna ya kupata usiku bila kuhesabu kwa vidole: toa tarehe ya kupanda kwenye tarehe ya kushuka. Mwezi ukivuka, chukua siku zilizobaki za mwezi wa kwanza ujumlishe na tarehe ya kushuka. 28 Novemba mpaka 5 Desemba: zimebaki 2, ongeza 5, ni 7. Angalieni Februari. Tarehe 26 Februari mpaka 5 Machi ni usiku 7 mwaka 2027, lakini ni usiku 8 mwaka 2028 kwa sababu Februari hiyo ina siku 29.

Mwenye Vifurushi vya Umra

Hoja ya nguvu zaidi haijatajwa: usiku hujumlishika, siku hazijumlishiki.

Mteja akiunganisha safari mbili za meli, ya kwanza 28 Novemba mpaka 5 Desemba na ya pili 5 mpaka 12 Desemba, kwa usiku ni 7 na 7, jumla 14. Kwa hesabu ya "siku 8" utapata 16, na kalenda inakwambia ni tarehe 15. Ile siku ya katikati imehesabiwa mara mbili, mara ya kushuka na mara ya kupanda.

Watu wa Umra wanalijua hili vizuri. Kifurushi cha "siku 14" mara nyingi ni usiku 5 Madina na usiku 7 Makka. Hapo ni 12. Siku nyengine zimekwenda kwenye ndege. Mteja anayejua kusoma kifurushi haulizi siku, anauliza "Madina tunalala ngapi, Makka tunalala ngapi?" Swali hilo hilo lihamishwe kwenye meli: hotelini kabla ya kupanda tunalala ngapi, melini ngapi, ndegeni ngapi. Usiku wa ndegeni uandikwe peke yake kwa jina lake. Kuuchanganya na wa melini ndiko kunakozaa "usiku 8" ya uongo.

Baharia wa Malindi

Nakubaliana na hesabu za kaka Mpanga Ratiba lakini naona mnampa mteja nusu ya anachokihitaji. Abiria halipi ili alale. Analipa ili afike mahali. Safari mbili zote za usiku 7, moja ina bandari 5 na siku 1 ya kukata bahari, nyengine ina bandari 3 na siku 3 za maji matupu. Hizo si bidhaa moja. Basi chini ya usiku iandikwe idadi ya bandari, na bandari ya kupandia isiwemo kwenye hesabu, maana siku hiyo mtu yuko kwenye foleni ya mizigo.

Tena hata siku ya bandarini ipimwe kwa saa. Meli iliyopangiwa Unguja saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni inaonekana imekaa saa 11. Toa saa moja ya mwanzo ya ukaguzi na kuruhusiwa kushuka, toa saa moja ya mwisho kwa kuwa abiria lazima wawe wamerudi kabla ya ngazi kupandishwa. Ikiwa imetia nanga nje na watu wanaletwa ufukweni kwa boti ndogo, toa nyengine moja na zaidi kwa kwenda na kurudi. Zimebaki saa 8 au pungufu. Mji Mkongwe na shamba la viungo vinaingia humo kwa utulivu. Ukiongeza Jozani na kima punju wake, mtu anatazama saa badala ya kutazama msitu.

Kwenye takwimu za utalii za kimataifa abiria huyo ni mgeni wa kutwa, si mtalii aliyelala, kwa sababu hakulala nchi kavu. Hilo halimhusu mteja wenu, lakini linaeleza kwa nini kitanda ndicho kinachobeba hesabu popote uendapo. Hata tozo ya miundombinu hapa Zanzibar hotelini inatozwa kwa kichwa kwa kila usiku.

Na jambo la saa. Safari inayotoka Mauritius au Shelisheli kuja kwetu inarudisha saa moja nyuma njiani, kwa hiyo kuna siku moja yenye saa 25. Inayotoka Durban inapoteza saa moja. Idadi ya usiku haiguswi. Ila abiria aulize kila asubuhi kama saa ya meli ndiyo saa ya bandari, maana meli nyengine hazibadilishi saa kwa kituo kifupi. Simu inajibadilisha yenyewe, meli haijabadilika, na aliyeachwa gatini ndiye anayegharamia usafiri wa kuifuata bandari inayofuata.

Mzamiaji wa Mkoani

Kwa meli za wazamiaji zinazozunguka Pemba hesabu ya siku inapotosha zaidi kuliko kwengine kokote, na hasara yake inaweza kugusa afya.

Kifurushi cha usiku 7 si cha siku 7 za kuzama, wala 6. Siku ya kupanda ni ya kupanga vifaa, kujaribu mitungi na kusikiliza maelezo ya usalama. Kisha zipo siku 5 kamili, mbizi 3 kila siku, jumla 15. Siku kamili ya sita ni mbizi 2 za asubuhi tu. Jumla 17. Siku ya kushuka hakuna mbizi. Anayegawa bei ya kifurushi kwa siku 8 zidisha mara 3 anatarajia mbizi 24 na atakasirika bure.

Sababu ya kukatisha mapema ni naitrojeni. Ukiwa chini kwa mgandamizo, naitrojeni ya hewa unayovuta inayeyuka kwenye damu na misuli, na inahitaji muda kutoka taratibu. Ukipanda ndege mapema, mgandamizo wa kabini uko chini kuliko wa usawa wa bahari, na naitrojeni iliyobaki inafanya viputo kwenye viungo, uti wa mgongo au ubongo. Kwa aliyezama mara nyingi kwa siku kadhaa, mwongozo unaofuatwa ni kusubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka, na waendeshaji wengi wanataka saa 24. Mbizi ya mwisho ikiisha saa 5 asubuhi, saa 18 zinakamilika saa 11 alfajiri ya siku ya pili. Zikitakiwa 24, basi hakuna ndege kabla ya saa 5 asubuhi.

Ndege ndogo ya Chake Chake kwenda Unguja nayo ni ndege. Watu wanasema inaruka chini, lakini tahadhari inaanzia kiasi cha mita 600 juu ya bahari. Mwenye haraka apande boti Mkoani.

Kwa hiyo kwenye tangazo la wazamiaji andikeni usiku, kisha idadi ya mbizi, kisha saa ya kutoka mbizi ya mwisho. Vitatu hivyo vinatosha.

Kwa safari fupi za jahazi ndiyo mwangalie hasa. "Siku 3 usiku 2" inayoanza saa 9 alasiri na kuisha saa 2 asubuhi ya siku ya tatu ni saa 41. Siku nzima iliyomo ni moja. Na saa ya kuondoka isichapishwe kama ya kudumu pale ambapo chombo kinangoja maji, maana maji kujaa kunachelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Kundi la leo likiondoka saa 3 asubuhi kwa maji yaliyojaa, la baada ya siku tatu litayapata maji hayo karibu saa 5 na nusu. Usiku 2 zinabaki 2, saa ndizo zinazosogea.

Maalim wa Wete

Niseme kuhusu swali la tatu, maana wengine wamelipita.

Wanaosema "usiku wa Jumamosi" kwa usiku unaoanza Ijumaa magharibi hawajakosea. Kwetu siku inaingia jua likizama. Tarawehe ya kwanza inasaliwa kabla ya funga ya kwanza kwa sababu usiku ule ni wa Ramadhani tayari. Neno lenyewe "siku" na neno "usiku" ni shina moja. Mkipima muda kwa usiku mnakwenda na lugha, hamwendi kinyume nayo.

Tatizo linakuja tiketi inapofuata kalenda inayobadilika saa 6 usiku. Meli inayoondoka Ijumaa tarehe 27 saa 3 usiku, mtu wa kwetu anaweza kuiita ya usiku wa Jumamosi. Ukimwandikia "usiku wa Jumamosi" bila tarehe, mmoja atafika Ijumaa na mwengine atafika Jumamosi meli haipo. Kwenye ndege ni kubaya zaidi. Ndege ya tarehe 5 saa 6 na dakika 40 usiku kwenye tiketi imeandikwa 00:40. Abiria anayekuja uwanjani jioni ya tarehe 5 amechelewa karibu siku nzima. Alitakiwa aondoke nyumbani tarehe 4 baada ya isha.

Tumieni "usiku wa kuamkia". Hayo maneno hayana njia mbili: usiku wa kuamkia Jumamosi ni mmoja kwa mzee wa Wete na kwa kijana wa Darajani. Kisha wekeni tarehe, saa ya Kiswahili, na saa ya tiketi kwenye mabano, mfano saa 10 na nusu jioni (16:30). Msiache moja kati ya hizo.

Nyongeza kwa wanaosafiri na nia ya kupunguza sala. Katika madhehebu ya Shafii anayenuia kukaa mahali siku 4 kamili anaacha kupunguza, na katika hizo 4 siku ya kuingia na siku ya kutoka hazihesabiwi. Mafakihi waliliona jambo hili zamani, kwamba siku ya kufika na siku ya kuondoka si siku za kukaa.

Dada wa Visa

Maalim, shikamoo. Naomba niweke mpaka kwenye hili la usiku, maana kuna mahali hesabu ya usiku itamtia mtu matatani.

Viza ya Schengen, ile moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya, inahesabu siku, na siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa hata kama umekaa dakika chache. Mteja anayepanda meli Barcelona 28 Novemba na kushuka 5 Desemba ana usiku 7 lakini ana siku 8 za viza. Akifika Hispania kwa ndege tarehe 27, ni siku 9. Karani akijaza siku 7 kwenye fomu kwa kufuata jina la safari, viza inaweza kutoka ya siku 7 na mtu akapitiliza akiwa bado kitandani melini.

Angalieni pia idadi ya kuingia. Meli ikitoka eneo la Schengen kwenda Uturuki au Tunisia kisha ikarudi, mteja ameingia mara mbili. Ombeni viza ya kuingia mara nyingi. Bima ya safari ya viza hiyo ni ya kiwango kisichopungua yuro 30,000 na nayo inahesabiwa kwa tarehe, kuanzia ya kuondoka nyumbani mpaka ya kurudi. Dawa za kila siku pia zihesabiwe kwa tarehe, kisha ziongezwe za siku mbili tatu, kwa kuwa meli hurudi imechelewa bahari ikichafuka.

Kitanda, chakula cha usiku, bahashishi, bei: usiku. Viza, bima, dawa, ruhusa ya kazini: tarehe.

Mpanga Ratiba

Dada yuko sahihi, na mimi nina pungufu moja kwenye fomula yangu. Haifanyi kazi meli inapovuka mstari wa tarehe katikati ya Pasifiki. Ikienda magharibi, tuseme Los Angeles kwenda Auckland, tarehe moja inarukwa: ondoka tarehe 3, fika tarehe 22, tofauti ni 19 lakini mtu amelala mara 18. Ikienda mashariki, Sydney kwenda Honolulu, tarehe moja inarudiwa, na usiku unazidi tofauti kwa mmoja. Mabaharia waliobaki wa Magellan, nahodha aliyeanzisha safari ya kwanza ya kuizunguka dunia, walifika Cape Verde mwaka 1522 daftari lao likisema Jumatano, na watu wa nchi kavu wakawaambia ni Alhamisi. Daftari halikuwa na kosa. Walikuwa wameizunguka dunia kuelekea magharibi na siku moja ikawaponyoka kidogo kidogo.

Karani wa Shangani

Ahsanteni sana, na Maalim shikamoo. Nimeandika hivi, nitazamieni:

*Usiku 7 melini, bandari 4, siku 2 za baharini. Kupanda: Jumamosi 28 Novemba 2026, kuanzia saa 7 mchana (13:00). Meli inaondoka saa 10 na nusu jioni (16:30). Kushuka: Jumamosi 5 Desemba 2026, saa 2 asubuhi (08:00). Chakula: cha asubuhi mara 7, cha mchana mara 7, cha usiku mara 7. Siku za viza: 8, ukiingia siku ya kupanda.*

Baharia wa Malindi

Limekaa vizuri, rekebisha matatu. Chakula cha mchana andika mara 6, na useme cha 7 ni kwa atakayewahi kupanda. Anayeingia saa 9 alasiri hakikuti, na atakudai. Ongeza saa ya mwisho ya kupanda, maana mteja akiona meli inaondoka 16:30 atafika 16:15 na ngazi imeshaondolewa. Itazame kwenye tiketi ya kila safari, kwa kawaida ni saa moja au zaidi kabla. Na chini ya "kushuka" weka mstari kwamba ndege ya kurudi isikatwe kabla ya saa 6 mchana (12:00), kwa sababu saa 2 ni saa ya kuanza kuitwa kwa makundi, na kundi la mwisho linaweza kutoka saa 3 na nusu mizigo yake ikiwa bado inatafutwa gatini.

Maalim wa Wete

Marahaba mwanangu. Na usiku wa mwisho utajwe: "mizigo mikubwa iwekwe nje ya chumba usiku wa kuamkia Jumamosi 5 Desemba, kabla ya kulala". Ukiandika "usiku wa Jumamosi" hapo, kuna atakayeiweka baada ya kushuka.